Nilibadilisha spika za gari langu kuukuu, mama mkwe akahamia kiti cha mbele

Wakuu, salaam kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda.

Leo gari limepumzika, nami nimepumzika pembeni yake, nikasema niwaandikie kitu kilichonipata humu humu ndani ya gari. Ni kweli tupu. Palipo na ujinga wangu nimeuacha ulivyo, mcheke mkipenda.

Halafu mnivumilie na lugha. Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini, Kongo, upande wa ziwa Tanganyika, na Kiswahili changu kimeokota maneno kila fasi nilipopita.

Nianze na gari.

Ni saluni ndogo ya Kijapani, nyeupe, ya zamani. Rangi ya paa imeanza kuchujuka kama shati lililoanikwa sana. Nalitumia kubeba watu na mizigo kutoka huku kambini kwenda Mbarara mjini na kurudi. Injini haina neno. Breki haina neno. Redio niliibadilisha zamani, nikaweka ile ya kuchomeka flashi.

Lakini spika zilikuwa zile zile gari lilizokuja nazo kutoka kiwandani.

Wanaojua magari ya zamani wanajua ninachosema. Spika za kiwandani ni za karatasi, na pembeni zina sponji laini inayoshikilia ile karatasi. Jua la miaka likishapiga, sponji inakuwa unga. Ukiigusa inabaki kwenye kidole kama makombo ya keki.

Ya mlango wa kushoto ilikuwa inakwaruza. Ya kulia ilikuwa inaimba kwenye lami na kunyamaza kwenye vumbi. Zile mbili za nyuma, chini ya kioo, zilishachanika kitambo, zikabaki kutetemeka tu kama karatasi ya karanga kwenye upepo.

Mimi sikujali. Abiria wangu wanaongea, nami napenda watu wakiongea.

Sasa niwaambie kuhusu abiria mmoja asiyeongea.

Mke wangu anaitwa Odette, ni Mrundi. Tulikutana hapa hapa Nakivale, tukaoana hapa hapa. Mama yake naye yuko hapa. Mimi namwita Mabukwe, ndivyo Warundi wanavyomwita mama mkwe, na yeye ananiita Mukwe. Jina langu nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake.

Mabukwe hakunitaka. Aliniambia wazi kabla ya ndoa, kwa adabu, mbele ya watu. Yeye ni Mkatoliki wa rozari na misa ya asubuhi. Kule kwao Burundi, upande wa Rumonge, alikuwa mwalimu wa kwaya ya parokia kwa miaka mingi. Mimi natoka kwenye kanisa la kupiga makofi na kuruka.

"Kwenu mnaimba wote kwa pamoja," alisema, "kila mtu na wimbo wake."

Baadaye alikubali. Lakini kukubali si kuzoea.

Na mjue, hata tungependana, mila zetu zote mbili zina heshima yake. Mkwe na mama mkwe hawakai bega kwa bega. Hawapitishani sahani ovyo. Kwa hiyo akipanda gari langu anakaa nyuma, upande wa kushoto, kitenge kimefunika mabega, rozari mkononi. Mimi mbele. Kimya.

Basi, macho yake yakaanza kupotea.

Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Mboni ikawa kama imewekwa tone la maziwa. Mwanzoni alikuwa anamwaga chai nje ya kikombe. Kisha akawa anapapasa ukuta. Mwishowe alibaki kuona mwanga na kivuli tu, yaani anajua umesimama mlangoni kwa sababu umeziba jua.

Zahanati ya huku wakamwandikia aende hospitali kubwa Mbarara. Kule wakasema atapasuliwa, ni kitu kidogo, lakini presha yake iko juu, ishuke kwanza. Kwa hiyo ikawa ni kwenda kupima, kurudi, kumeza dawa, kwenda tena kupima, na presha bado imesimama fasi ile ile.

Odette alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, hawezi safari hizo. Ikabaki mimi na Mabukwe, na barabara.

Nataka muione barabara hiyo, wakuu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Tunaondoka asubuhi ukungu bado umelala juu ya ziwa Nakivale. Huoni maji, unaona weupe tu na vichwa vya mafunjo vimetoka juu yake. Barabara ni ya vumbi jekundu. Vilima viko pande zote, vya mviringo, kama watu waliojifunika blanketi wakalala. Ng'ombe wa pembe ndefu wanavuka pole pole bila kukuangalia. Halafu inaanza migomba ya Isingiro, kilima baada ya kilima, kijani mpaka unasinzia macho wazi. Kisha lami. Kisha mji.

Mimi nilikuwa naona hayo yote. Nyuma yangu amekaa mtu haoni hata moja, na siwezi kumsimulia, kwa sababu ya ile heshima.

Siku moja Odette alinipa flashi yenye nyimbo za kwaya za Kikatoliki. Akasema, "Mpigie mama, labda safari itakuwa fupi."

Nikachomeka. Kwaya ikaanza. Spika ya kushoto ikakwaruza, ya kulia ikakohoa, za nyuma zikatetemeka karibu kabisa na masikio ya yule mama.

Tulikwenda hivyo mpaka tulipofika kwenye migomba. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mukwe."

Nikapunguza mwendo. "Ndiyo, Mabukwe."

"Hiyo redio yako inaumwa kuliko mimi."

Nikacheka, nikashindwa kujizuia. Nikamwangalia kwenye kioo, naye anacheka kidogo, mdomo ameuziba na kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza.

Siku hiyo hiyo, baada ya kumshusha hospitalini, nikaenda kununua spika.

Hapa wakuu wa muziki wa gari mnisikilize, maana nilifanya kosa ambalo wengi wanalifanya.

Nilinunua jozi moja ya mbele, zile za njia mbili. Spika kubwa inakwenda mlangoni, na tweta, ile ya sauti nyembamba, ndogo kama kifuniko cha soda, unaiweka juu. Muuzaji akaniambia kufunga ni rahisi, hata mtoto anaweza. Nikamwamini.

Jumamosi nikafungua milango mwenyewe, pale nyumbani. Jirani wakaja na viti vyao, kila mtu ana ushauri. Vile vibanio vya plastiki vinavyoshika ubao wa mlango vilivunjika karibu vyote, vya zamani havikubali kuvutwa.

Ndani ya mlango nilikuta vumbi jekundu la Nakivale, majani makavu, na sarafu ya Kijapani yenye tundu katikati.

Niliishika ile sarafu muda mrefu. Nikawaza mtu aliyeidondosha. Labda alikuwa anafungua dirisha, amenyoosha mkono alipe kitu, ikateleza. Hakujua itavuka bahari, ipande vilima, ilale humo mlangoni ikisikiliza Kifuliiru chetu na Kirundi na Kinyankole miaka yote hiyo. Nilimpa Odette. Aliitia uzi, akamfunga mtoto mkononi.

Nirudi kwenye spika.

Nikafunga. Nikawasha. Sauti ikatoka kubwa, jirani wakapiga makofi. Mimi pia nikapiga makofi. Lakini ndani yangu nilisikia kuna kitu hakiko sawa, ila sikujua ni kitu gani. Kelele ipo, na wimbo haupo. Besi haipo. Nikaongeza sauti, ikawa vibaya zaidi.

Safari iliyofuata Mabukwe akakaa fasi yake nyuma. Nikawasha kwa majivuno kabisa. Nikasubiri asifu.

Akasikiliza wimbo mzima. Kisha akasema pole pole:

"Mukwe, hawa watu wametawanyika."

"Watu gani, Mabukwe?"

"Waimbaji. Kila mmoja amekimbia na njia yake. Namtafuta mwenye sauti ya kuongoza, simwoni katikati, simwoni pembeni. Ni kama siku ile tulipotoka nyumbani. Unasikia watu wanaitana, hujui nani yuko wapi."

Wakuu, mimi nilitoka nyumbani siku kama hiyo. Nilizima redio.

Siku hiyo nilipomwacha kwenye foleni ya kupima presha, dereva mwenzangu akanielekeza kwa fundi karibu na kambi ya jeshi ya Makenke. Nikakuta ni mwanamke, anaitwa Kemi. Baba yake alikuwa mwanajeshi, amekulia humo kambini, na Kiswahili chake ni kile cha jeshi la Uganda, kinatembea kwa buti.

Amekaa mlangoni mwa kontena lake, anakula mahindi. Hakusimama.

"Washa."

Nikawasha. Akasikiliza kidogo tu, akatupa gunzi.

"Nani ilifunga hii?"

"Mimi mwenyewe."

"Banange. Wewe ulifunga moja inasukuma, ingine inavuta. Iko kama watu mbili nabeba kitanda, moja naenda mbele, ingine naenda nyuma. Kitanda itafika?"

Akafungua ubao wa mlango, akachukua betri ndogo ya tochi na nyaya mbili. Akagusisha kwenye spika ya kulia. Ile karatasi ya spika ikaruka nje kidogo, tap. Akaja kushoto, akagusisha vile vile. Ikaingia ndani.

Nilikuwa nimegeuza nyaya za upande mmoja. Chanya kwenye hasi. Ndiyo maana mmoja akisukuma hewa, mwingine anaivuta, besi inakufa na sauti ya katikati inapotea. Mtu asiyeona alikuwa amenieleza hivyo hivyo asubuhi, kwa maneno yake.

Nikamwambia Kemi habari ya Mabukwe. Akaacha kufanya kazi, akaniangalia.

"Huyo mama nasikia hivyo?"

"Alifundisha kwaya."

"Basi tutafunga ya yeye. Si ya wewe."

Akageuza nyaya. Akakata pete za mbao akaweka chini ya spika, zisikae moja kwa moja kwenye bati. Akabandika ndani ya mlango zile shiti nzito za kuzuia bati lisitetemeke. Tweta akazihamisha, akaziweka kwenye pembe za kioo cha mbele, juu, akasema sauti ikitoka chini utasikia watu wanaimba kutoka kwenye magoti yako. Zile mbovu za nyuma akazing'oa kabisa, pamoja na waya.

"Sasa mama anakaa wapi?" akauliza.

"Nyuma."

"Nyuma hakuna kitu. Kwaya iko mbele. Akuje mbele."

"Haiwezekani. Ni mama mkwe."

Kemi akacheka mpaka akashika kontena. "Hata kwetu Ankole hiyo iko. Basi, Mungu nasaidia wewe."

Nikarudi hospitalini.

Nilimkuta Mabukwe amekaa kwenye benchi nje, peke yake, uso umeelekea jua. Muuguzi alikuwa amemwambia presha bado, tarehe imesogezwa tena.

Nikamshika fimbo, si mkono, nikamwongoza kwenye gari. Akakaa nyuma. Kabla sijawasha injini akasema:

"Mukwe, nisikilize. Hii ndiyo mwisho. Usinilete tena huku."

"Mabukwe, watapanga siku nyingine."

"Nimechoka. Nimezoea giza langu. Mwambie Odette nimesema hivyo, na usimwambie nililia."

Sikujua analia. Nilikuwa naangalia mbele, kama inavyotakiwa.

Wakuu, hapo mtu anasema nini? Mimi ni mkwe, siwezi kubishana naye, siwezi kumgusa bega. Nikaendesha. Tukatoka mjini. Lami ikaisha, vumbi likaanza. Nikawasha ile flashi, sauti ya chini.

Na kwaya ikaingia kwenye gari.

Sijui nieleze vipi. Nilikuwa nimezoea sauti kutoka kwenye milango. Sasa haikutoka kwenye mlango wowote. Ilisimama pale juu ya dashibodi, upana wa kioo chote, kama vile watu wamesimama nje kwenye barabara, wanarudi kinyumenyume mbele yetu huku wanaimba. Jua lilikuwa limeanza kulala, vumbi limekuwa dhahabu, na mimi ninaendesha kuingia kwenye wimbo.

Tukapita migomba. Tulipofika kwenye kile kilima ambapo ziwa linaonekana lote, nikasikia.

"Mukwe. Simamisha."

Nikadhani anaumwa. Nikasimama, nikashuka, nikafungua mlango wa nyuma. Akaweka mguu chini, akashika mlango, akasimama. Upepo unatoka ziwani, unavuta kitenge chake.

"Wako mbele," akasema. "Nimewasikia wako mbele, mimi niko nyuma ya migongo yao. Ni vibaya. Mwalimu wa kwaya hakai nyuma."

Akapapasa bati la gari kwa kiganja, pole pole, mpaka akaukuta mlango wa mbele. Akaufungua mwenyewe. Akaketi.

Nikazunguka, nikaketi kwenye usukani. Yeye alikuwa karibu na spika ya kushoto kuliko ya kulia, kwa hiyo nikazungusha balansi kidogo kuja upande wangu, ili imfikie sawasawa. Mimi nilibaki na besi kwenye goti. Sikujali.

Nikarudisha wimbo mwanzo.

Mabukwe akanyoosha kidole, akaelekeza kwenye pembe ya kioo.

"Soprano. Wako kama wanane, tisa. Wasichana." Kidole kikasogea. "Alto hawa. Mwenye kuongoza huyu hapa, katikati, amesogea mbele ya wenzake hatua moja. Gitaa kulia. Besi nyuma kabisa, wazee hao, wamechelewa kidogo, wazee siku zote wanachelewa."

Mimi naangalia fasi anayoelekeza, naona ziwa, naona mafunjo, naona ndege mmoja mweupe. Na nawaapia, baada ya muda nilianza kuona watu wamesimama juu ya maji.

"Ego," akasema ghafla, yaani ndiyo kwa Kirundi, kama mtu aliyekubaliwa jambo. "Umesikia?"

"Nini, Mabukwe?"

"Alto mmoja amekohoa. Rudisha."

Nikarudisha. Sikusikia. Nikarudisha tena, nikasogeza sikio. Ni kweli. Kabla ya beti la pili, chini kabisa, kikohozi kidogo, cha mtu anayejitahidi kukificha.

Mabukwe akatabasamu. "Kila kwaya ina mmoja. Mimi wangu alikuwa anaitwa Sabina. Kila misa kubwa lazima akohoe. Nilikuwa nampa tangawizi kabla ya kuingia, bado anakohoa."

Kisha akasimulia. Kwaya yake. Kanisa lililokuwa karibu na ziwa, madirisha yamefunguliwa, wavuvi wanasikiliza huko nje. Nani alikuwa na sauti ya kweli na nani alikuwa na majivuno tu. Sabina amekimbilia Tanzania, wengine hajui. Akataja majina mengi, na kila jina analiweka kwenye fasi yake pale kwenye kioo, huyu kushoto, huyu nyuma, mpaka wote wakarudi wakasimama mahali pao.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka kutoka magotini. Alikuwa anaongoza.

Nilizima injini, tukakaa pale mpaka flashi ikaanza nyimbo upya.

Tulipofika nyumbani Odette alitoka na mtoto, akamwona mama yake anashuka mlango wa mbele. Alinitazama mimi, akamtazama mama, akaingia ndani. Baadaye akaniuliza, "Mulifanya nini huko njiani?" Nikamwambia, "Tulisikiliza kwaya." Akasema, "Hamna, wewe uniambie vizuri." Ndiyo ikawa kazi ya kumweleza.

Na kuhusu kuacha hospitali, Mabukwe hakutaja tena. Siku ilipofika alikuwa amevaa mapema, amekaa nje na fimbo. Akasema tu, "Ile flashi iko?"

Sasa tukawa tunakwenda hivyo. Yeye mbele, mimi kwenye usukani, kwaya kwenye kioo. Watu wa njiani walituangalia. Wengine walisema, nilisikia. Kwamba yule Mkongomani hana adabu, anamkalisha mkwe wake mbele. Niliwaacha.

Naye akanizoea. Aliniuliza habari za mama yangu, aliyebaki kule kwenye kaburi la Uvira. Aliniuliza kanisani kwetu tunaimbaje hasa. Nikaweka wimbo wetu mmoja. Akasikiliza, akakunja uso, akasema, "Ngoma nzuri. Hao wengine wangekuja kwangu mwezi mmoja tu." Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa, mjue.

Safari moja muuguzi akapima presha, akapima tena, akaita mwenzake. Imeshuka. Wakuu, sisemi spika zinatibu presha, msianze kunishambulia. Alikuwa anameza dawa zake pia, tena siku hizo bila kusahau. Mimi nasimulia tu yaliyofuatana.

Wakampasua jicho la kulia kwanza. Alilala huko, mimi nikalala kwenye gari. Kesho yake wakatoa bandeji.

Alitoka mlangoni peke yake. Bila fimbo. Anatembea kama mtu anayekanyaga maji, anaangalia miguu yake, anaangalia ukuta, anaangalia kikapu cha ndizi cha mama mmoja kwa muda mrefu kama hajawahi kuona njano.

Akafika mbele yangu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Ni wewe, Mukwe?"

"Ni mimi, Mabukwe."

"Umezeeka."

Kisha akaangalia nyuma yangu. "Na gari liko wapi?"

Nikamwonyesha. Akalisogelea, akalizunguka lote. Akagusa paa lililochujuka. Akainama akaangalia ndani, dashibodi, kioo kidogo cha mbele chenye ufa pembeni. Akasimama wima, akanigeukia, na uso wake ulikuwa umeshangaa kabisa, kama mtoto.

"Hili? Na watu wote wale walikaa wapi?"

Nilicheka hadi machozi. Naye akacheka, bila kuziba mdomo, pale kwenye uwanja wa hospitali, watu wanatuangalia.

Nikamfungulia mlango wa mbele.

Akauangalia. Akaniangalia. Akajifunga kitenge vizuri mabegani, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa fasi yake ya zamani upande wa kushoto.

Nikakaa kwenye usukani. Kusema kweli niliumia. Nikamwangalia kwenye kioo, na safari hii naye ananiangalia kwenye kioo hicho hicho.

"Usikasirike," akasema. "Mbele ilikuwa ya kipofu. Sasa naona, na watu wanaona kwamba naona. Nyuma ndiyo kwa mama mkwe."

"Sikukasirika, Mabukwe."

"Basi endesha, Samweli."

Nikaendesha. Nilikuwa na swichi ya redio karibu na mkono, lakini sikuwasha, maana alikuwa anaongea. Aliongea njia nzima. Kwamba ng'ombe hawa pembe zao zimezidi. Kwamba migomba ya huku inatunzwa vizuri kuliko aliyoiacha. Kwamba vumbi ni jekundu namna hii na hakuna mtu aliyemwambia. Tulipofika kwenye kile kilima aliliangalia ziwa, mimi nikapunguza mwendo bila kuambiwa.

Ndiyo hayo, wakuu.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla ya kununua spika, jiulize nani atasikiliza na atakaa wapi. Chukua betri ndogo uhakikishe zote mbili zinasukuma upande mmoja. Na mtu akikuambia sauti haiko sawa, hata kama hajui waya ni nini, msikilize mpaka amalize.

Sasa naomba mnisaidie. Zile tundu za nyuma bado ziko wazi, chini ya kioo. Abiria wangu anakaa huko na hatahama, na jicho la pili linasubiri zamu, kwa hiyo safari bado zipo. Nataka kwaya isimame mbele yake akiwa pale pale nyuma, asiwe nyuma ya migongo yao. Kuna aliyefanikiwa hilo kwenye gari dogo la zamani? Nifunge za nyuma, au niweke tweta kwenye migongo ya viti vya mbele? Wenye uzoefu semeni, na wenye kunicheka nanyi karibuni, nafasi ipo.